Kuhama Windows ukiwa Mgeta

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Watumiaji wa nyumbani walitangaziwa nyongeza ya mwaka mmoja kwa kujiandikisha. Windows 11 nayo ina masharti yake: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, na kizazi hicho kilianza kuuzwa 2017. Laptopu ya mtumba iliyonunuliwa Morogoro mjini ikapandishwa hadi Nyandira au Langali, huko Mgeta, mara nyingi ni ya kabla ya hapo. Kioo chake kizima, kibodi nzima, bado inaandika barua na kupiga hesabu za kabichi. Mimi nasema isitupwe, wala isiendelee na Windows isiyolindwa. Iwekewe Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta.

Kiini cha Linux kiliandikwa na Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki. Anayeona ni kitu kigeni ajue kwamba simu za Android zinazopokea malipo ya njegere pale gulioni zinaendeshwa na kiini hichohicho. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alianzisha Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, na juu ya Ubuntu ndipo ilipojengwa Linux Mint, ninayoipendekeza kwa aliyezoea Windows: menyu iko chini kushoto, na mafaili yanafunguliwa vilevile. Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi ile inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. LibreOffice, inayokuja ndani ya Mint, ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010.

Kwa mtu wa milimani hoja yangu kubwa ni bando. Windows hupenda kupakua masasisho yenyewe, na ukiunganisha simu bila kuangalia, bando la wiki linaisha kabla hujafungua barua pepe. Mint hukuonyesha orodha ya masasisho pamoja na ukubwa wake, kisha inasubiri ruhusa yako. Pia faili moja la kusakinishia, karibu GB 3, linakuja na LibreOffice, kivinjari cha Firefox, kisomaji cha PDF na madereva ya vifaa vingi. Fundi akikupigia Windows mpya, ofisi huwekwa kando, na mara nyingi ni kopi ya kreki ambayo hakuna ajuaye ndani yake kumefichwa nini. Halafu kuna flashi ya steshenari, ile inayorudi mafaili yote yamegeuka njia za mkato. Kirusi cha aina hiyo kimeandikwa kwa ajili ya Windows, na kwenye Linux hakijiendeshi. Hata hivyo Linux nayo ina mianya yake, kwa hiyo masasisho usiyapuuze.

Maandalizi yafanyike mjini, kabla gari halijakata kona ya Sangasanga kupanda Mgeta. Pakua faili la Mint penye intaneti ya uhakika. Mashine yenye GB 4 za kumbukumbu ichukuliwe toleo la Xfce, ambalo ni jepesi. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, ukikumbuka kwamba kila kilichomo kwenye flashi hiyo kitafutwa. Kisha washa kompyuta kupitia flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski, na hapo ndipo pa kukaa kwa utulivu: jaribu sauti, Wi-Fi, printa na intaneti ya simu kwa waya wa USB. Wi-Fi ikigoma, waya wa simu kwa kawaida hufanya kazi papo hapo, na kupitia huo utapata dereva linalokosekana. Ukiridhika, nakili picha, nyaraka na daftari la kikundi kwenye diski ya nje, kisha yafungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha yanasomeka. Usisakinishe kabla ya hapo, maana chaguo la kufuta diski halina kurudi nyuma.

Nyaraka za Word na Excel zitafunguka. Fonti za Calibri na Cambria zina mbadala wake, Carlito na Caladea, zilizochorwa kwa vipimo vilevile ili mistari isihame. Jedwali lenye makro ndilo husumbua, na barua ya kwenda halmashauri ni salama zaidi ikitumwa kama PDF.

Wapo wasiopaswa kuhama. Anayeishi kwa Photoshop, au anayetumia programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows pekee, atateseka bure. Huyo abaki Windows, na akiweza anunue mashine inayokubali Windows 11. Mifumo inayofunguliwa kwa kivinjari haina shida hiyo. Kwa mwalimu, katibu wa kikundi cha wafuga mbuzi wa maziwa, au mwanafunzi aliyerudi nyumbani likizo kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Linux Mint inatosha, haina ada ya leseni, na toleo la 22 lililotoka 2024 litapata masasisho hadi 2029.