'Amepata jiko': Hestia, moto wa Wajaluo na kazi isiyoitwa kazi

Kila harusi inaporipotiwa katika magazeti yetu, bwana harusi 'hupata jiko'. Tumeuzoea msemo huu hata hatuusikii tena. Wanafunzi wangu wa kike, hata hivyo, wanausikia vizuri na unawakera: ati mtu mzima na shahada yake aitwe mahali pa kuinjikia sufuria! Nawaelewa. Lakini kabla hatujaufuta kwenye kamusi, hebu tuulizane jiko lilikuwa nini kwa waliolitaja kwanza.

Tuanzie Otonglo, kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia, ambako Kijaluo na Kiswahili hupokezana sokoni katika sentensi moja. Kwa Kijaluo, mahali pa moto ni kendo. Kuoa nako ni kendo. Sijengi nadharia ya asili ya maneno hapa. Natazama tu kwamba lugha mbili zisizo za ukoo mmoja, moja ya Kibantu na nyingine ya Kinailoti, zimeweka ndoa na moto pahali pamoja.

Wagiriki wa kale walikwenda mbali zaidi. Neno lao la meko, hestia, ndilo jina la mungu wao wa kike wa nyumba. Siku hizi, wanaohubiri kwamba mwanamke akae jikoni humleta Hestia kama shahidi wao: mpole, kimya, hatoki nyumbani. Shahidi huyu wamemchagua vibaya. Hestia aliposwa na Poseidon na Apollo, akawakataa wote wawili, akaapa kutoolewa kamwe. Zeus akampa nafasi ya katikati ya nyumba na sehemu ya kwanza ya sadaka. Hakuwa mke wa mtu wala mpishi wa mtu. Aidha, kipo kisa kinachopendwa sana, kwamba alimwachia Dionysus kiti chake miongoni mwa miungu kumi na wawili ili kuepusha ugomvi. Katika maandishi ya kale yaliyotufikia kisa hicho hakimo. Aliyekieneza ni mshairi Mwingereza Robert Graves katika kitabu chake cha 1955. Kujinyima huko kunakosifiwa ni kwa juzijuzi tu.

Tena meko ya Hestia hayakuwa ya ndani pekee. Kila mji ulikuwa na meko yake ya umma, ambapo wajumbe wa kigeni walikaribishwa na kulishwa. Watu walipohama kwenda kuanzisha mji mpya ng'ambo ya bahari, walichukua moto kutoka meko ya mji mama. Bila moto huo, makazi mapya yalikuwa majengo tu.

Hapa ndipo Mjaluo atakapotabasamu. Katika desturi ya kuanzisha boma, goyo dala, mwanamume hutoka alfajiri na jogoo na shoka, pamoja na mwanawe wa kwanza. Mkewe hubeba moto. Mwanamume asiye na mke hawezi kuanzisha dala, hata awe na mali kiasi gani. Na nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hujengwa mkabala na lango, mahali ambapo kila aingiaye huiona kwanza. Kwa hiyo anayesema 'jiko' akimaanisha mtumishi amelishusha neno. Kwa mila hii, jiko ndilo lililoanzisha boma.

Sisemi mambo yalikuwa shwari. Mfumo huohuo ulimpa mwanamume ardhi na kauli. Katika Odisia ya Homer, Penelope anatunza nyumba miaka 20 mumewe akiwa vitani na safarini, halafu mwanawe Telemachus, kijana wa juzi, anamwambia arudi chumbani kwenye kitanda chake cha kufumia, maneno ni ya wanaume. Akina Penelope tumewajua pwani hii ya ziwa. Waume walikwenda kwenye majani chai ya Kericho, kwenye reli, kwenye bandari ya Mombasa; wake wakabaki na jembe, watoto, wakwe na mifugo. Mume aliporudi na kukuta boma limesimama, sifa zikawa zake.

Basi hapo ndipo lugha ya leo inaponitia wasiwasi, kuliko hata lile 'jiko'. Tunasema 'mama wa nyumbani', kisha tunaongeza 'tu'. Tunasema 'hafanyi kazi'. Uchumi, neno linalotokana na kuchuma, tumeliacha libaki kwa anayeleta fedha, ilhali Wagiriki waliotoa neno oikonomia walimaanisha uendeshaji wa nyumba: ghala, chakula, watu na kazi zao.

Na neno hilo dogo, 'tu', lina gharama. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua mchango usio wa fedha: kazi za nyumbani na usimamizi wa nyumba, malezi ya watoto, kazi ya shambani, hata kule kuwa mwenzi. Lakini Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba usawa katika ndoa hauleti mgawo wa nusu kwa nusu moja kwa moja; kila upande uthibitishe ulichochangia. Kuthibitisha ni kusema. Sasa wazia mama anaulizwa mahakamani, 'Unafanya kazi gani?' Mkalimani anamfasiria. Mama huyu ameamka saa kumi alfajiri, ameteka maji, amewasha moto, amewapeleka watoto shule, amepalilia, amemuuguza mama mkwe miaka sita. Anajibu bila kusita, 'Sina kazi, niko nyumbani tu.' Na karani anaandika hivyohivyo.