Ajali za Salgaa na protini zinazoharibu ubongo kimyakimya

KITUO cha Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, kinajulikana na kila dereva wa trela anayetoa mizigo Mombasa kuipeleka Uganda, Rwanda au mashariki mwa Kongo. Kinajulikana vilevile kwa maafa. Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 waliangamia kwa moto huko Sachangwan walipokuwa wakichota mafuta kwenye lori lililopinduka. Desemba 31, 2017, watu 36 walifariki Migaa basi lilipogongana na lori. Ilibidi mwaka uliofuata kujengwe ukuta wa zege katikati ya barabara, kuyatenga magari yanayopanda na yanayoteremka.

Hesabu hiyo ni ya waliokufa. Walionusurika baada ya kugongwa kichwani hushonwa, wakaruhusiwa kwenda nyumbani, na jamaa wakamshukuru Mungu. Hata hivyo, utafiti wa ubongo umebaini kwamba kwa baadhi yao madhara huendelea ndani kwa ndani miaka mingi baada ya kovu kukauka, na kwamba miongoni mwa yanayohusika ni protini zilizopoteza umbo lake.

Protini si nyama na maharagwe tu. Kila seli ya mwili hutengeneza maelfu ya aina za protini, na kila moja ni mnyororo wa viungo vidogo viitwavyo asidi amino. Ili ufanye kazi, aghalabu mnyororo huo sharti ujikunje kwa namna yake mahususi. Ukijikunja vibaya, seli huunyosha au huuvunjavunja. Lakini mfumo huo ukilemewa, kwa sababu ya uzee, urithi au jeraha, protini mbovu hushikamana na kuwa madonge yasiyoyeyuka. Aliyewahi kuchemsha yai ameona jambo la aina hiyo: ute huganda kwa kuwa protini zake zimekunjuka na kunatana, na hata yai likipoa haurudi kuwa majimaji.

Kibaya zaidi, protini iliyopotoka huweza kuipotosha jirani yake iliyo nzima, na uharibifu ukaenea ubongoni hatua kwa hatua. Mwanasayansi wa Marekani, Stanley Prusiner, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1997 kwa kugundua protini za aina hiyo, alizoziita prioni. Hii haina maana kwamba mtu ataambukizwa usahaulifu kwa kumuuguza mzee wake.

Katika ugonjwa uliofafanuliwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka wa 1906, madonge ni ya protini mbili, amiloidi nje ya seli na tau ndani yake. Katika ugonjwa wa Parkinson, unaoleta mtetemeko na ukakamavu wa viungo, ni ya alfa-sinukleini.

Tau ndiyo inayohusu zaidi ajali. Kazi yake ni kuimarisha vijibomba vinavyopitisha mahitaji ndani ya nyuzi za neva. Gari linapogota ghafla, ubongo hurushwa ndani ya fuvu, nyuzi hizo huvutika na tau hubanduka. Iliyobanduka huweza kuanza kujiviringisha. Mnamo 2012, watafiti waliochunguza bongo za watu walioishi mwaka mmoja au zaidi baada ya jeraha moja kubwa la kichwa walikuta kwamba karibu theluthi yao walikuwa na tau iliyosokotana na kuenea sana. Awali, katika miaka ya 1990, amiloidi ilikuwa imeonekana hata kwa vijana waliofariki saa chache tu baada ya kuumia.

Kwa mabondia, habari hii ni ya kale. Daktari Harrison Martland wa Marekani alieleza kuchanganyikiwa kwao mwaka wa 1928, na Nakuru, mji uliolea mabondia wengi wa Kenya, haina sababu ya kuishangaa.

Si kila aliyegongwa kichwa atapoteza kumbukumbu, wengi hawatapoteza. Lakini mwaka wa 2020 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet liliongeza jeraha la kichwa, ulevi wa kupindukia na hewa chafu katika orodha ya mambo yanayozidisha hatari hiyo. Kituo cha matrela yanayonguruma usiku kucha hakikosi hata moja kati ya hayo matatu.

Ugumu ni kuutambua ugonjwa. Dereva anayeanza kupotea njia aliyoizoea, au kufoka bila sababu, husemwa kuwa ni mlevi au amerogwa. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka wa 2008 uliwapata watu 33 wenye Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini.

Tiba ingali mbali. Lecanemab, dawa inayoondoa amiloidi, iliidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka wa 2023 kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka, na hupunguza tu kasi ya ugonjwa wa Alzheimer ungali mchanga. Helmeti ni rahisi zaidi. Mapitio ya tafiti 61, yaliyotolewa mwaka wa 2008, yalionyesha kwamba humpunguzia mwendeshaji pikipiki hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na ya kufa kwa asilimia 42. Sheria ya Trafiki ya Kenya inamtaka hata abiria wa bodaboda aivae.