Miaka 50 si Mwisho wa Safari

Mpenzi msomaji, pengine wewe ni mtu wa Masara, kule Migori, au una jamaa huko. Basi waijua tabu ya dhahabu: mtu huchimba miaka nenda miaka rudi, na nguvu zikapungua kabla bahati haijafika. Je, akitimiza miaka 50 aweke sululu chini na kusema yamekwisha? Hebu kwanza sikiliza kisa hiki cha gofu.

Charlie Sifford alizaliwa mwaka 1922 huko Charlotte, Marekani. Akiwa mvulana alibeba mifuko ya vijiti vya matajiri kwa senti 60 kwa siku, na senti 50 akampa mama yake. Mchezo aliujua barabara, lakini chama cha wachezaji wa kulipwa kilikuwa na sheria ya kupokea Wazungu peke yao. Sheria hiyo iliondolewa 1961, Sifford akiwa na miaka 39. Fikiria, msomaji! Miaka ya ujana ilikuwa imekwisha pita. Hata hivyo alishinda mashindano ya Hartford mwaka 1967 na ya Los Angeles mwaka 1969.

Mwaka 1980 Wamarekani walianza msimu wa gofu ya kulipwa kwa wenye miaka 50 na zaidi. Mojawapo ya mashindano ya mwanzo ni Suntree Classic, mjini Melbourne, Florida. Unadhani nani alishinda? Ni Sifford, akiwa na miaka 58!

Suntree hayakudumu. Yalichezwa kwa mara ya mwisho 1984, na bingwa akawa Lee Elder, aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza Masters, mwaka 1975. Elder alikuwa ametimiza miaka 50 mwaka uo huo.

Mashindano yalikufa, lakini heshima ilibaki. Mwaka 2014 Sifford alivishwa nishani na Rais Barack Obama, ambaye baba yake alizaliwa upande wa Kendu Bay, Homa Bay. Sifford aliaga dunia 2015, akiwa na miaka 92.

Kwa hiyo, msomaji, ukimwona mzee nyumbani akijaribu jambo jipya, usiharakishe kumwambia wakati wake umepita. Muulize kwanza kama aliwahi kufunguliwa mlango. Wahenga hawakukosea: utu uzima dawa.