Ndege mweupe juu ya mngazi: tumtambue kabla ya kumhukumu



Huko Lubunga, ng'ambo ya mto, mama mmoja wa koperative alituita: «Muje muone, kuko ndege mukubwa juu ya mungazi wangu. Sijamuonaka hata siku moja. Ni yeye anamaliza vifaranga.» Vijana wa lupango walikuwa tayari na manati. Jirani alishauri kutega nyama yenye dawa ya wadudu. Tuliomba kwanza dakika kumi za kutazama.

Tuliona nini? Ndege mweupe, mabawa na mkia vina rangi nyeusi, na ngozi nyekundu isiyo na manyoya kuzunguka jicho. Alishika ngazi moja kwa mguu, akaimenya kwa mdomo, akala. Huyo ni tai wa ngazi (Gypohierax angolensis). Ni wa ukoo wa tai wala mizoga, lakini chakula chake kikubwa ni ngazi. Anaongeza kaa, samaki, na mara chache mnyama mdogo. Akiwa kijana ni kahawia mwili wote, ndiyo maana watu wanamchanganya na mwewe.

Tuwatofautishe hivi:

- Tai wa ngazi: mweupe na mweusi, uso mwekundu, anakaa kwenye mingazi.
- Mwewe: kahawia, mkia wenye panda, anazunguka juu ya soko na mashamba yanayochomwa. Huyu anabeba vifaranga kweli.
- Kipanga wa kijivu mwenye uso wa njano: anaingiza mguu katika viota vya ndege wadogo na kutoa makinda. Naye anakula ngazi.

Kisha tuangalie saa. Tulimuuliza mama vifaranga vinapotea wakati gani. Akajibu: «Asubuhi nikifungua, hesabu haitoshi.» Basi, tai hawindi usiku! Tulizunguka kibanda, tukakuta tundu chini ya ukuta. Mwizi alikuwa anapita chini, si juu.

Unyoya mmoja pia unaweza kusema mengi. Mwaka 1913, huko Avakubi kando ya mto Ituri, mtaalamu Mmarekani James Chapin aliona kwenye kofia unyoya asioujua. Aliutunza. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa wenye unyoya kama ule, wameandikwa tausi wa India. Kumbe ni tausi wa Kongo, ndege wa msitu wetu, ambaye wataalamu walikuwa bado hawajamjua.

Kwa hiyo, ukiona ndege mgeni katika lupango:

1. Usimpige. Tai wa ngazi anataga yai moja tu. Kumrudisha kunachukua miaka.
2. Andika rangi, mdomo, mkia, anakula nini na saa ngapi. Piga picha kwa simu, okota unyoya, ulete kwenye mkutano.
3. Usitege sumu hata kidogo. Inaua mbwa, kuku, na inaweza kumfikia mtoto.
4. Ziba matundu ya kibanda. Mchana, funika vifaranga kwa kitunga mpaka vikue kidogo.

Mama alifunga tundu lake kwa mawe na udongo. Tai bado iko pale juu, inakula ngazi zake chache. Tumewaachia hizo.