Daraja Linaloelea Halifai kwa Seben

Uzi mmoja wa gitaa ukikatika katikati ya seben, ile sehemu ya wimbo gitaa zinapotawala, mpiga solo mwenye daraja lililokazwa hubaki na nyuzi tano zinazoitika sawasawa. Mwenye daraja linaloelea hubaki na tano pia, ila zote hupanda sauti papo hapo, na kwaya nzima huharibikiwa.

Jambo hili linamgusa kila kijana anayepiga gitaa la umeme kanisani, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu mjini Uvira, na kuteremka kandokando ya Ziwa Tanganyika mpaka Baraka.

Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender aliweka daraja linaloelea kwenye gitaa lake la Stratocaster mwaka 1954. Hukaa kama mizani: mbele nyuzi sita zinavuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi, na mgongoni, ndani ya tundu, springi tatu hadi tano zinavuta upande wa pili. Ukibonyeza mkono wa daraja, nyuzi hulegea na sauti hushuka. Ukiuachia, mizani hurudi. Floyd Rose, aliyepata hataza yake mwaka 1979, aliongeza vifungo vya kubana nyuzi huku na huku ili zisiteleze.

Kulipanga kunataka subira. Nyuzi ziwe mpya, za unene uleule, zibadilishwe mmoja mmoja. Ulinganishe zote: mi, la, re, sol, si, mi. Ukifika wa mwisho, wa kwanza umeshateleza, basi unaanza upya, mara kadhaa. Kisha tazama nyuma ya daraja. Kwenye Stratocaster kampuni ya Fender hupendekeza uwazi wa milimita 3 hivi juu ya mbao. Daraja la Floyd Rose hulala sambamba na mwili wa gitaa. Likiwa limeinuka mno, kaza kidogo skrubu mbili zinazoshika springi. Likiwa limezama, zilegeze. Halafu linganisha nyuzi tena.

Wakongo wana tatizo lao la ziada. Gitaa la mi-kompoze, lile linalosokota sauti kati ya solo na akompanyema, huondolewa uzi mnene wa re na kuwekewa mwembamba, oktava moja juu. Uzi huo kwa kawaida huvuta kidogo kuliko ule mnene, kwa hiyo springi hushinda na daraja huzama. Anayebadilisha uzi huo hana budi kulegeza springi na kupanga mizani yote upya.

Seben inataka vidole vyepesi na nyuzi zisizoyumba. Mkono wa daraja hauna kazi kubwa humo. Kwa hiyo mwenye Stratocaster akaze skrubu mbili za mgongoni mpaka daraja lilale juu ya mbao: uzi ukikatika, nyingine hazitapanda. Mwenye Floyd Rose iliyochimbiwa ndani achonge vipande viwili vya mbao ngumu, avibane pande zote mbili za pande la chuma lililo ndani ya tundu. Afanye hivyo kabla ya ibada ya Jumapili, si jukwaani.