Bei ya Milimita Moja ya Mpira

Tairi lilikuwa limelazwa chini ya mwembe wa kwado mmoja, fundi wa matairi, hapa Kilibula, Uvira, limeoshwa kwa sabuni na kupakwa rangi nyeusi hadi linang'aa kama kiatu cha harusi. "Papa, hii ni okazi ya Ulaya," kijana akaniambia, "angalia meno yake." Meno kweli yalikuwapo, marefu, yamekatwakatwa mistari myembamba kama ya wembe. Ubavuni, karibu na maandishi 195/65R15, palikuwa na alama ambayo hakuna aliyeijali: mlima wa vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji.

Ni tairi la majira ya baridi. Mpira wake umechanganywa uwe laini ili usikakamae joto likishuka chini ya nyuzi 7. Uvira, saa saba mchana, lami inachoma unyayo. Huku mpira wa namna ile hulegea, huisha upesi, na ukikanyaga breki gari hukawia kusimama. Lakini mwenye Toyota Noah akija anatazama meno, anayaona marefu, anatoa pesa. Soko letu la matairi linauza kwa macho, na macho hayaoni umri wala aina ya mpira.

Njia za mali hii ni zile zile za saruji na vitenge. Kontena hushuka Dar es Salaam, mzigo ukapita Kigoma na kuvuka ziwa hadi bandari ya Kalundu, au ukazunguka kwa malori hadi Bujumbura, kisha ukaingia kwa mpaka wa Kavimvira. Kuna wakati eneo hili lilijitengenezea: Arusha ilikuwa na General Tyre, Nairobi ilitoa matairi ya Yana, Kinshasa ilikuwa na kiwanda cha Goodyear. Cha Arusha kilisimama, na cha Nairobi kilifungwa mwaka 2016 baada ya kushindwa kupambana na mali ya kutoka nje. Kwetu Kongo jambo hili lina uchungu wa ziada. Dunlop alipopata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, nchi hii ilikuwa miaka mitatu mikononi mwa Leopold wa Pili, na haukupita muda mrefu watu wetu wakawa wanakatwa mikono kwa sababu ya mpira wa porini. Leo mpira wa dunia unatoka zaidi Thailand na Indonesia, nasi tunasubiri matairi ambayo Mjapani ameyavua.

Tuje kwenye bei. Tairi jipya la gari dogo huwa na meno ya milimita 8 hivi. Ndani ya mifereji yake kuna vituta vidogo vilivyowekwa kwenye milimita 1.6, na meno yakishalingana navyo, tairi limekwisha. Kwa hiyo anayenunua jipya ananunua milimita 6.4 za kutumia. Okazi, yaani lililokwisha kutumika, lenye milimita 4, ambalo muuzaji ataapa kwamba ni jipya kabisa, lina milimita 2.4 tu. Tuseme jipya la bei ya chini ni dola 60 na okazi ni dola 30. La kwanza linauza kila milimita kwa dola 9 na senti 40 hivi, la pili kwa dola 12 na nusu. Okazi hilo lingestahili dola 22 na nusu, na hapo hatujahesabu kumlipa kwado kulibandua na kulifunga tena mapema, wala hatujauliza limekaa jua la miaka mingapi.

Ulaya hupima kina cha meno kwa sarafu. Sisi faranga zetu zote ni karatasi, kwa hiyo chukua kijiti cha kiberiti, kichomeke mferejini, weka alama kwa ukucha, kisha ukilaze kwenye rula ya mtoto wa shule. Pima katikati na kingo zote mbili. Lililoliwa upande mmoja linakwambia gari lilikotoka lilikuwa na matatizo yake.

Mbona basi watu wanaendelea kununua okazi? Si ujinga. Dereva wa teksi ana hesabu ya siku ya kumpelekea mwenye gari, versement kama tunavyoiita, na pancha za njiani mara nyingi ni juu yake. Asubuhi tairi likipasuka, mfukoni ana dola 30, hana 60. Anayepata faida ya kununua jipya ni yule mwenye pesa ya kutangulia, kama ilivyo kwa anayenunua gunia la unga badala ya kipimo. Wauzaji wanalijua hilo vizuri. Sijaona bado anayekubali kulipwa kwa awamu, ingawa angeuza sana.

Umri ndio pahali pa hila kubwa. Tafuta herufi DOT ubavuni, fuata mstari wake hadi tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 3514, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2014. Zikiwa tatu tu, ni la kabla ya mwaka 2000, liache kwa watoto wachezee. Tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu wa tairi, na mara nyingi utakuta upande huo umegeuzwa ndani, kuelekea chini ya gari. Usione haya kuinama na tochi ya simu. Michelin inashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishatumika miaka mitano, na likifika miaka 10 tangu litengenezwe liondolewe hata kama meno yapo. Huku kwetu, kwa jua hili, mimi nisingengoja kumi. Likunje kidogo ubavuni: ukiona nyufa kama za tope lililokauka, mrudishie mwenyewe.

Kuna na yale yaliyochongwa. Fundi huchukua kisu cha moto na kuchimba mifereji mipya kwenye kipara. Baadhi ya matairi ya malori yameundwa yaweze kuchongwa, na ubavuni yameandikwa REGROOVABLE. La gari dogo halina nyama hiyo; ukilichonga unakaribia nyuzi za chuma. Dalili yake ni kwamba mifereji ni mirefu lakini vile vituta vya milimita 1.6 havipo, kisu kimevifyeka.

Kwa mapya ya bei nafuu, mengi yakiwa ya Kichina, watu hubishana kama ni heri okazi la jina kubwa. Nadhani ubishi huo hauna maana mpaka usome ubavu. Mengi yana daraja mbili za herufi, TRACTION na TEMPERATURE. Ya kwanza inaeleza breki kwenye barabara iliyolowa, kuanzia AA, A, B hadi C. Ya pili inaeleza uvumilivu wa joto, A hadi C. Mtu wa Uvira anayetafuta nafuu aombe A kwa zote mbili na asijali sana jina la kampuni. Halafu kuna namba ya uzito: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 107 ni kilo 975. Hiace inayopakia samaki wakavu na abiria juu yake ikifungwa matairi ya namba 91, haitafika hata Sange kabla ya mpira kuanza kuchemka.

Maana barabara zetu hazitaki kitu kimoja. Bonde la Ruzizi hadi Kamanyola ni tambarare na moto, huko kinachoua tairi ni joto la mwendo na mzigo. Ukipanda miinuko ya Ngomo kuelekea Bukavu ni kona na matope, ndiyo maana wengi huvukia Bugarama na kupita Rwanda. Kusini, kwa Makobola na Mboko hadi Baraka, mawe hukata mbavu. Na hapa mjini, mvua ikipiga milima ya Mitumba, mito ya Mulongwe na Kalimabenge huteremsha mchanga na kokoto hadi kwenye lami. Juu ya mchanga huo hata tairi jipya huteleza. Punguza mwendo tu.

Upepo ndio usalama wa bei rahisi kuliko wote, na ndio tunaoupuuza. Kwado wengi hupima kwa kupiga teke. Namba sahihi imeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi. Kuna kanuni iliyotokana na majaribio ya NASA miaka ya 1960: kwenye maji yaliyotuama, tairi lenye upepo wa kilo 2 ambalo meno yake hayatoshi kuyatoa huanza kuelea kwenye mwendo wa kilomita 90 hivi kwa saa. Likishuka hadi kilo 1.4, linaelea kwenye 75.

Na ukinunua mawili tu, mazuri yafungwe nyuma. Madereva wetu huyataka mbele, kwa sababu ndiyo yanayovuta kwenye matope, na kwa barabara ya Fizi siwezi kuwalaumu. Kwenye lami iliyolowa, ekseli ya nyuma ikiteleza kwanza, gari linageuka na usukani haukusaidii kitu.

Jioni nilipita tena kwa yule kijana. Chini ya mwembe palibaki duara la ardhi iliyolowa sabuni. Tairi la theluji lilikuwa limefungwa mbele ya Noah moja, ubavu wenye alama umetazama nje, na kondakta alikuwa akiita wa Baraka.