Kamera ikizimika, 0,3% iko wapi?

Mwaka 2011 ukame ulipobana Kenya, Safaricom, benki ya KCB na Msalaba Mwekundu walianzisha mchango, «Kenyans for Kenya». Lengo la shilingi milioni 500 likapitwa. Wenye njaa walisaidika, ni kweli. Lakini watu walichangia kwa M-Pesa, biashara ya Safaricom yenyewe: kumbe msaada ulitangaza na duka.

Sisi wa Kilo, kampuni ya dhahabu ikituletea mchele, fulana na kamera, tuseme aksanti. Ila tusichanganye mambo. Code minier ya 2018 inadai kampuni yenye permis ya kuchimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Ile haiko zawadi, ni deni. Mchele haulipi deni.